Takikardia Inataka Murwaza

Jumanne, mvua tangu alfajiri. Nimejibanza kwenye chumba cha intaneti hapa Kamembe, viatu vimelowa, na sina hamu ya kurudi nyumbani kwenye kiti kimoja na sahani moja.

Wiki ya tatu sasa moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa tu kwenye cherehani. Leo nimejikaza nikaenda hospitali. Daktari akasikiliza, akaandika kwenye karatasi: takikardia. Nikaona basi, nimekwisha. Jina refu hivyo lazima liwe la kifo.

Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba hilo si jina la ugonjwa. Ni neno la kusema moyo unapiga haraka kupita kawaida, zaidi ya mara mia kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ni kama kusema mtu ana homa, bado hujasema homa ya nini. Mwenye hofu huipata, mwenye upungufu wa damu pia. Kinachotafutwa ni sababu, kwa hiyo kesho nilazwe wanichunguze.

Nesi akauliza, "Maman, murwaza wako iko wapi?"

Murwaza ni mtu wa kukaa na mgonjwa, kumpikia na kumfulia. Huku watu hawalazwi bila yeye.

Sina.

Nikamtaja dada yangu, aliyebaki Bukavu, ng'ambo ya mpaka, sisi wengine wa familia tuliporudi Rwanda. Nesi akataka namba, nikaitaja bila kuangalia popote. Sijaipiga tangu vita vilipoingia Bukavu. Mwanawe alipouawa sikwenda matanga. Daraja la mpakani liko palepale, watu wanavuka kwa miguu kila siku. Niliogopa watu wa kule wangeniita adui kutoka Rwanda, nikajiambia nitakwenda hofu ikipoa. Hofu ikapoa, nikabaki na aibu.

Nimempigia nikiwa nje ya soko. Nikasema ni mimi, ninaumwa, sina murwaza.

"Uko nakula nini huko?" akauliza.

Nililia palepale, wauza nyanya wakinitazama. Akasema atavuka kesho asubuhi na sufuria yake.

Sababu ya moyo huu daktari ataitafuta mwenyewe. Mimi ninajiuliza kitu kimoja tu: akiingia mlangoni na hiyo sufuria, nitaanzia wapi kumpa pole ya mtoto wake?