Jiwe Alilokumbatishwa Mama

Jumanne, 6 Agosti 2024
Vwawa, hospitali, kwa ajili ya presha. Benchi la mbele yangu — Efraimu. Amezeeka. "Hujambo, binti yangu?" Binti yake nani? Sikuitikia. Saa mbili mpaka saa saba nikitazama kisogo chake. Mwaka 1994 ndiye aliyemburuta mama mpaka kwenye lile jiwe refu ambalo mababu walilikuta limesimama. Akamkumbatisha, aape si mchawi. Mvua ikanyesha, hawakumwachia. Siku ya tisa akafa kwa kichomi. Wakasema jiwe limehukumu.

Alhamisi, 8 Agosti
Kahawa ya Fanueli, jirani, imechomwa moto vichanjani. Juzi Jumanne, saa nne asubuhi. Wanasema ni Efraimu, wana ugomvi wa mpaka. Saa nne! Alikuwa mbele yangu, anakohoa. Ameonyesha cheti cha hospitali, wamesema vyeti vinanunuliwa. Nimecheka peke yangu jikoni.

Ijumaa, 9 Agosti
Efraimu amekuja, kofia mkononi. Mwanangu, uliniona, waambie. Nikamuuliza, mama yangu alitetewa na nani? Akasema: "Nilikuwa kijana." Alikuwa na miaka arobaini. Nimemwambia macho yangu mabovu siku hizi. Leo nimekula nikashiba.

Jumamosi, 10 Agosti
Kwenye jiwe, kijiji kizima. Vijana wamemvua Efraimu koti wakamkumbatisha. Amelia. Miaka thelathini nimengoja — nikasogea mbele nione vizuri. Mwenyekiti akauliza, nani alimwona Jumanne? Macho ya Efraimu yakanitafuta. Nikatazama milima. Amepewa mpaka kesho baada ya ibada akiri, la sivyo nyumba yake inachomwa.

Jumapili, 11 Agosti
Sikwenda kanisani. Ikupa, binti wa Efraimu, ameleta cherehani na sare za shule za wanawe. Dada, niwekee, kwako hawatachoma. Nikamwuliza, kwa nini kwangu? Akasema, "Wewe jana hukumzomea." Hajui kitu. Baba yake hakumwambia.
Amerudi kumtoa mzee wake, aliyegoma kutoka ndani.
Ibada imekwisha. Watu wanapita barabarani, wawili wana dumu la petroli. Cherehani iko katikati ya sebule, sijui niiweke wapi. Fanueli naye huyo anapita, amenipungia mkono. Nikimwita sasa nimwambie Efraimu alikuwa wapi Jumanne, atasikia. Nimesimama mlangoni na daftari —