Simiti ya Jino la Mama

S.L.P. 41,
Keroka.
17 Mei, 1971.

Mpendwa kaka Joash,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Unaendeleaje na joto la Mombasa? Shemeji Kwamboka na watoto ni wazima? Mimi mwili hauna neno, ila moyo hautulii. Huku mvua hainyamazi.

Nakuandikia habari za mama. Wiki iliyopita niliomba ruhusa ofisini nikampeleka kwa daktari wa meno, Kisii mjini. Gego lake lilikuwa limetoboka. Daktari aliliziba kwa simiti ya muda, unga uliokorogwa na mafuta ya karafuu, ili arudi mwisho wa mwezi. Akamwekea pamba, akamwambia, "Mama, usifunge mdomo. Simiti ikiloa mate kabla ya kukauka, haitakuwa na nguvu." Kisha akatoka kunawa.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Onyancha, baba mkwe wa dada yetu Esnah, akapita. "Bwakire buya, mkwe!" Unamjua mama. Alitoa pamba, akaitikia, akauliza habari za wajukuu na ng'ombe. Nilipomzuia alinikemea: "Mkwe anisalimu, nami nimkodolee macho kinywa wazi kama chura?"

Daktari aliporudi aliligusa jino, akatikisa kichwa. "Imeloa, na unga umeniishia. Ikimomonyoka, au shavu likivimba, mlete siku hiyo hiyo."

Siku ya Sabato, tukitoka kanisani, mama alitema chembechembe nyeupe. Jana shavu lilivimba. Leo uvimbe umeshuka chini ya taya, na hawezi kumeza hata uji. Sikwenda kazini. Naogopa, kaka.

Baba amekataa tumpeleke. Anasema simiti ni ya hadi mwisho wa mwezi, na mwezi haujaisha. "Wewe karani, meno umesomea wapi? Joash akisema, nitasikia."

Nilianza barua hii nikuombe utume telegramu kwa baba. Lakini mama yuko chumba cha pili, na pumzi yake inakoroma hadi naisikia hapa mezani. Nikingoja jibu lako, nitakuwa nangoja nini?

Nyamweya jirani ana pikapu, na amekubali. Baba yuko shambani, anachuma chai. Akirudi hatatukuta. Akikuandikia kwa hasira, nitetee.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu. Mungu awalinde huko, na huku amwachie mama pumzi yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ratemo