Kimya cha Kumngoja Ajibu

Kishapu, Jumatatu, 9 Mei 1983
Nimesahihisha madaftari ya darasa la kwanza, nimepiga pasi gauni. Kesho semina Shinyanga mjini: kufundisha kwa redio. Kichekesho. Redio yetu aliondoka nayo Baba Kabula mwaka juzi, kwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu. Alisema msimu mmoja. Barua hakuna. Kabula namwachia mama mkwe.

Jumanne, 10 Mei
Viti vigumu, wali mzuri. Mkufunzi katoka Dar, kinasa sauti kakipakata kama kichanga. Anasema mwalimu wa redioni huuliza, halafu hunyamaza, ili mtoto aliye mbali apate kujibu. Baada ya hapo sikuandika kitu. Nilikuwa namuwaza mtu mzima aliye mbali.

Jumatano, 11 Mei
Nimechaguliwa kunaswa sauti nikisoma somo la Kiswahili. Litarushwa mwezi ujao, nchi nzima. Basi hata Rwamgasa! Sentensi natunga mwenyewe. Nataka arudi. Sina jingine la kutunga.

Alhamisi, 12 Mei
Nimesoma. Mama analima. Kabula anacheka. Baba anarudi lini? Hapo nikanyamaza. Nikanyamaza mno. Mkufunzi akazima mashine.
"Mwalimu, watu watadhani betri zimekwisha."
Wenzangu wakacheka. Nikamwambia, "Watoto wa kwetu nyumbani ni Kisukuma tu. Kiswahili wanakitafuta kwanza. Waachie nafasi, ndugu mkufunzi."
Akakubali. Sikudanganya. Ila sikuwa nikiwafikiria watoto.

Jumapili, 15 Mei
Nyumbani. Kabula kala biskuti zote. Je, kama baba yake redio kaiuza, kanunua unga? Nina hasira naye. Namtaka vilevile.

Alhamisi, 16 Juni
Redio ya shule imefika wiki hii. Leo somo langu. Watoto wameketi wamebanana, kimya, hata wale watundu. Sauti yangu ikatoka nyembamba, kama ya mgonjwa. Baba anarudi lini? Kikaja kile kimya. Nilikuwa nimemwachia Baba Kabula. Darasa zima likakijaza, kama nilivyowaandikia ubaoni: Baba anarudi kesho! Kabula alipaza sauti kuliko wote.
Wenzake wakatoka kucheza. Yeye akabaki. Akauliza kama kesho aje shule, au akae nyumbani amngoje.
Nimemwambia aje shule. Kisha nikazima redio, betri zisiishe.