Komeo la Chumba cha Kuzalia

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu za mama yako, mkunga wa kujitolea ambaye huku ugenini kijiji kizima kinamwita Bibi. Kufikia juzi asubuhi nilikuwa nimeshazalisha kumi na wanne, wote wazima! Hata daktari ananiamkia.

Usicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Unanijua, mlango wa kuzalia sifungi, mwenye uchungu asije akasimama nje kungoja. Basi juzi mchana akaingia mume wa mzazi mmoja na panga.

"Kaa kando, Bibi! Mtoto si wangu, leo nawamaliza wote wawili!"

"Mkeo anasukuma, baba. Kangoje nje kama wanaume wenzako."

Akainua panga. Nikalikinga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukamtwanga ndoo ya maji ya moto usoni. Damu iliruka mpaka ukutani. Majirani wakamfunga kamba, na mtoto akatoka akilia, msichana, kilo tatu!

Usije kunichukua. Vidole viwili vilivyobaki vinatosha kushika kitovu. Sasa komeo limepigwa, nami nimehamishia kitanda changu mlangoni, ili mwenye uchungu akigonga mara moja tu nifungue.

Mama yako,
Bibi wa watoto kumi na watano