Kioo Changu na Samaki wa Mzee Balbir

Jumanne, 5 Machi 1991

Leo tena Kilimani, kwa Mzee Balbir. Tangi la samaki limekaa fiti. Futi nne, na gundi ya silikoni huwezi ona imepita wapi. Nairobi nzima hakuna fundi wa vioo kama mimi. Shule niliacha darasa la saba, lakini angalia mikono.

Tangi la zamani lilipasuka, ndiyo Mzee akaniita. Jumapili alienda Kisumu kwa binti yake, akaniuliza kama naweza kuangalia samaki mpaka arudi tarehe 17. Nikamwambia mambo ya samaki nimezaliwa nayo. Uongo. Samaki ninayemjua ni wa kukaangwa.

Wako saba, rangi ya machungwa. Walikuwa wa marehemu mke wake. Mkubwa ni Rani, ana doa jeupe kichwani. Mama, huyo marehemu, alikuwa anamlisha kwa vidole.

Changarawe ya zamani ilikuwa na matope, nikaichemsha ikawa nyeupe kama mchele. Maji ya zamani yalikuwa rangi ya chai. Nilimwagia maua. Auntie Rosa, mpishi, alisimama mlangoni akinitazama. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Maji yamegeuka meupe kama uji. Mtu akiingia atasema kioo ndicho kibaya. Siwezi kubali. Nimemwaga yote, nikajaza ya bomba. Sasa kinang'aa.

Ijumaa, 8 Machi

Uji tena. Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Maji yamerudi saa nane yakinuka dawa kama hospitali. Nimebadilisha yote vilevile.

Jumamosi, 9 Machi

Samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Sijapenda. Nimebadilisha yote tena.

Jumapili, 10 Machi

Mmoja amekufa.

Nilimfunga na gazeti, nikamtia mfukoni. Auntie Rosa akauliza kutoka jikoni, "Fundi, wako wangapi leo?" Nikasema saba. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Jumatatu, 11 Machi

Wa pili. Rani amelala ubavu.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma. Kazini Kangemi nimekata kioo vibaya mara mbili. Nimeenda hadi mjini, duka la samaki, nikitafuta wa kufanana na Rani. Wote ni wadogo kama vidole tu. Hakuna mwenye doa. Hata angekuwepo, Mzee anamjua yule samaki kama anavyojua mlango wake. Nimeona mke wake kwa picha ukutani. Ananiangalia nikishika ndoo.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Auntie Rosa yote. Nilianza na mzaha, nikauacha.

"Ulimwaga maji yote?"

"Yote. Kila siku."

"Ngai! Mama hakuwahi kumwaga yote. Tangi likiwa jipya alitoa ndoo mbili tu, leo, kesho anaacha, kesho kutwa tena. Likishazoea, ndoo mbili kila Jumamosi. Na maji ya bomba yanalala kwa ndoo siku nzima kwanza, ile dawa itoke. Ule uchafu uliochemsha ndio ulikuwa unasafisha maji."

"Sasa mbona hukuniambia, Auntie?"

"Si ulizaliwa nayo?"

 

Kumbe sponji ya zamani ya kuchuja maji, niliyotupa kwa takataka, yeye aliiokota. Imekaa kwa karai la maji ya mvua wiki nzima. Alisema ni ya Mama, haiwezi kutupwa na mtu wa juzi. Tumeiweka ndani, nyeusi, inatoa matope. Kwa kioo changu! 

Jumatano, 13 Machi

Uji bado. Rani ubavu bado, anapumua. Mikono inaniwasha kumwaga. Nimeikalia.

Alhamisi, 14 Machi

Ndoo mbili, zilizolala.  Kila nikifungua mlango nadhani nitamkuta anaelea.

Jumamosi, 16 Machi

Rani amesimama! Pezi limechanika lakini amekula punje mbili. Maji yanaanza kuonekana. Nikamwambia Auntie Rosa sasa mimi ni daktari. Akanirushia mwiko.

Kesho Mzee anarudi. Samaki watano. Nimefikiria uongo wa aina nane, hata kumsingizia paka.

Jumapili, 17 Machi

Sikusema paka. Nilimwambia mlangoni kabla hajaweka begi chini. Wawili wamekufa, ni mimi, sikujua, niliringa.

Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa mbele ya tangi. Mimi nimesimama na kofia mkononi. Halafu akaingiza vidole majini. Rani alichelewa, lakini alikuja.

Mzee aliuliza ndoo ngapi, na lini. Nikajibu polepole, bila kuongeza chumvi.

Akasema, "Basi Ijumaa uje, ujaze ndoo zilale."

Nitaenda.