Mnyororo wa Pikipiki ya Mwalimu

Kaka yangu,

Shuleni wanasema mimi sina maneno, na ni kweli. Ndiyo maana naandika. Sijui wewe na Elia mko wapi, kwa hiyo barua hii nitaificha ndani ya ile riwaya tuliyoiachia katikati. Kuna jambo nililolifanya, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Unakumbuka gereji yako pale Old Korogwe? Nikitoka shule nilikaa juu ya kreti la soda nikakusomea riwaya za maktaba, wewe umelala ubavuni mwa pikipiki. Elia akishuka kutoka Dindira na matenga yake ya kabichi, alijibanza karibu yako kusikiliza. Ikifika sehemu ya huzuni ananiambia, "Profesa, ruka hapo. Tupeleke pale wanapopona."

Wewe ulikuwa unabisha tu. "Mwandishi huyu hajui pikipiki. Nani anakimbia polisi na mnyororo umelegea?"

Na ule mchezo wetu! Pikipiki ikipita barabarani unauliza bila kuinua kichwa, "Ya nani?" Mimi natega sikio. "Ya shehe, silensa imetoboka." Sikukosea hata mara moja, na Elia alinipigia makofi kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Nilijua mnapendana kabla mtaa haujajua. Ulikuwa ukimenya chungwa, nusu kubwa unampa yeye. Sikumwambia mtu.

Siku mgambo walipomkamata Elia kwa sababu ya mapenzi yenu na kumfungia ofisi ya kata, ulikuwa na pikipiki ya mwalimu wa hesabu. Mnyororo ulikuwa bado hujaukaza, ulitaka kwanza nimalize sura. Ulipopata habari uliondoka nayo, nondo mkononi. Ukavunja kufuli, ukamvunja mgambo mkono, ukampakia Elia. Siwezi kusema yote yalikuwa sawa, kaka. Mtoto wa yule mgambo nasoma naye darasa moja. Simwangalii usoni.

Baba mdogo na vijana wa mtaani walijaa mbele ya gereji. Wote waliamini mmepanda Dindira, kwao Elia, na walishawasha pikipiki zao kuelekea huko. Ndipo tukasikia mngurumo kwa mbali, upande wa daraja, njia ya Handeni kwa bibi.

Baba mdogo akageuka. "Hiyo ya nani?"

Mdomo ulitangulia. "Ya mwalimu, mnyororo umelegea!"

Kabla sijaufunga, walikuwa wameshageuza kuelekea darajani. Ni mimi, kaka. Si mtu mwingine aliyewaonyesha njia.

Jioni walirudi na pikipiki, mnyororo unaburuzika chini, na kandambili moja ya Elia. "Wameingia kwenye mkonge," alisema baba mdogo. "Watatoka tu." Hamkutoka. Bibi wa Handeni ameshaulizwa mara tatu. Kila wakija anawajibu amezeeka, hasikii vizuri, waseme tena.

Gereji sasa wanauza mkaa. Bado nasoma riwaya, lakini siku hizi naruka sehemu za huzuni.

Jana mchana simu ya mama iliita, namba ngeni. Yeye alikuwa anaanika mahindi, nikapokea mimi. Hakuna aliyeongea. Nilisikia injini tu, ikiunguruma taratibu, mnyororo wake umekazwa vizuri. Kisha pembeni mtu akapiga makofi, matatu, polepole.

Unajua simu ya mama ilivyo na sauti kubwa. Baba alikuwa mlangoni.

"Nasikia pikipiki humo. Ya nani?"

Nilitaka kulijibu swali lile, kaka, nilitaka kupiga kelele mpaka Handeni wasikie.

"Sijui, baba," nikasema. "Wamekosea namba."

Akaniangalia kidogo, akatoka. Ndiyo mara ya kwanza kushindwa mchezo wetu. Mwambie Elia sitaki makofi kwa hilo, lakini akipiga, nitasikia.

Endesheni polepole.

Mdogo wako wa kwenye kreti