Msamiati wa Netiweki na Muhuri wa Chifu

Jumanne, 2 Februari 1988

Nimeitwa! Intavyuu ya skolaship ni tarehe tatu Machi, Nairobi. Kwenda kusomea kompyuta Uingereza. Mimi, ambaye sijaona kompyuta hata kwa mbali! Watapima Kiingereza cha kiwango cha juu, na watauliza tunajua nini kuhusu kazi yenyewe. Mwisho kabisa: nije na barua ya chifu, yenye muhuri, kwamba natoka katika familia ya raia wema. Hiyo ni rahisi.

Bwana Githinji, jirani yetu, fundi wa simu, alipelekwa kozi ng'ambo akarudi na kitabu kinene juu ya netiweki za kompyuta. Ameniazima. Nadhani hajawahi kukifungua — kurasa bado zimeshikana. Nimesoma ukurasa mmoja na kamusi kando, na nusu ya maneno yamenishinda. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa Kiingereza Form Six!

Ijumaa, 5 Februari

Contention — mashine nyingi kugombania waya mmoja. Intermittent — kinachokuja na kupotea, kama maji ya mfereji wetu. Arbitrary — kinachoamuliwa kwa kupenda tu, bila sababu.

Nimegundua kitu. Neno nikilitoa kwenye kamusi peke yake, kufikia jioni limenitoka. Nikilikuta ndani ya kazi ya mashine, linakaa. Acknowledge nilikuwa nalijua kama neno la barua za ofisi. Sasa naona mashine inaitikia: nimepata, leta nyingine. Isipoitikiwa, ile ya kwanza inatuma tena. Na tena. Haikasiriki, haioni haya. Naionea wivu.

Mezani nilimwambia Mama ugali wake una consistency ya kuridhisha. Akasema, "Adero, ukimaliza kuongea na ugali, uoshe sufuria." Baba alicheka mpaka akaweka tonge chini.

Jumapili, 14 Februari

Chifu alikuja baada ya kanisa. Akanywa chai, akamsifu Mama kwa mandazi. Nikamkumbusha barua yangu. Akasema haina shida, lakini ingoje mlolongo wa kura uishe. Tarehe ishirini na mbili watu wanapanga laini kwa uwanja wa shule, kila mtu nyuma ya picha ya anayemtaka. Mchana kweupe. Hakuna karatasi ya kukunja.

Chifu anataka mheshimiwa, mbunge wetu, arudi bungeni. Na anayeshindana na mheshimiwa ni Mwalimu Kibet. Mwalimu wangu wa darasa la saba! Aliyenibakisha mwaka mzima baada ya kengele, bila kutuuliza senti, mpaka Kiingereza kikaniingia.

Chifu akavaa kofia. "Mzee Ondiek, hii nyumba iko na watu wazima watatu. Siku hiyo nitawaona."

"Utatuona," Baba akasema. Hivyo tu.

Chifu alipoenda, Mama alinong'ona kwamba heri tubaki nyumbani sote, tuseme ni malaria. Baba akasema hakutoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani hapa Eldoret miaka yote hii ili ajifiche chini ya blanketi.

Jumatano, 17 Februari

Sura ya nne. Netiweki mbovu, kitabu kinasema, ni ile ambayo kila ujumbe lazima upitie kituo kimoja. Kituo hicho kikikataa, wote wananyamaza, hata kama nyaya zao ni nzima. Netiweki nzuri ina njia za akiba. Redundancy.

Nilimsomea Bwana Githinji mlangoni kwake. Akaangalia barabarani kwanza. "Hiyo usiwaambie kule intavyuu."

"Lakini ni kompyuta!"

"Najua ni kompyuta, Adero. Punguza sauti."

Nimepunguza. Hata hapa naandika kwa herufi ndogo.

Jumapili, 21 Februari

Sikusoma. Baba amepiga viatu rangi. Hajaniambia nisimame wapi. Ningependa aniambie.

Jumatatu, 22 Februari

Nimefanya.

Tulitembea pamoja hadi shuleni. Baba akaenda moja kwa moja kwa laini ya Mwalimu, hakugeuka. Mama — huyu Mama wa malaria! — akamfuata, akashika koti lake kwa nyuma kama mtoto. Nikabaki katikati ya uwanja. Chifu alikuwa pale na fimbo yake. Alinitazama tu.

Nikaenda kwa picha ya mheshimiwa.

Mbele yangu alikuwa Mama Waithira wa duka. Akanitazama juu mpaka chini. "Hata wewe? Usilie. Mimi leseni yangu inaisha mwezi ujao."

Laini ya Mwalimu ilitoka langoni ikazunguka mpaka kwa posho mill, wanaposaga unga. Yetu iliishia kwa vyoo. Halafu Mwalimu Kibet mwenyewe akapita akisalimia watu, wa laini yake na wa yetu. Akafika kwangu. Akasimama vile alivyokuwa akisimama mbele ya ubao.

"How are you, Adero?"

Maneno yote yale niliyomeza mwezi huu! Nikajibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "I am fine, sir." Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea.

Wakahesabu. Wakatangaza mheshimiwa ameshinda. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Kisha wakaona askari, wakaacha kucheka.

Kwa hivyo sikuhitajika. Ningesimama kwa Mwalimu, angeshindwa vilevile. Nilitoa kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Baba amekula peke yake.

Jumatano, 24 Februari

Nilienda kwa chifu. Hakuwepo, yuko kwa sherehe ya ushindi wa mheshimiwa. Baba ananiita "mtoto wako" anapoongea na Mama. Kana kwamba si wake, na mimi ni mtoto wao wa pekee. Mama anajifanya haoni.

Nimefungua kitabu. Macho yanapita juu ya maneno.

Ijumaa, 26 Februari

Chifu alinikaribisha vizuri, hata akaniletea kiti. "Wewe nilikuona. Asante sana, msichana. Una akili."

Nikangoja. Muhuri ulikuwa pale mezani, karibu na mkono wake.

"Lakini barua inasema familia," akasema. "Si msichana, familia. Na mimi nikiangalia hiyo familia naona nini? Mlete Mzee. Aje aseme mwenyewe alikosea. Nitaandika hapohapo."

Nikasema Baba hawezi. Akacheka. "Basi ngoja mwaka ujao, si bado wewe ni kijana?"

Nimerudi nyumbani na sijasema. Nimefungua mdomo mara nyingi. Mama ananiuliza kama jino linauma.

Jumapili, 28 Februari

Nimemwambia Mama, jikoni. Hakulia. Akasema tu, "Wewe nenda kasome."

Jumanne, 1 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya chifu. Kesho ndiyo basi ya Nairobi. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Asubuhi Baba alinyoa ndevu. Akavaa koti la matanga. Nikamwambia, "Baba, tuache. Sitaki tena." Akajibu — na ni mara ya kwanza kuniongelesha tangu ile siku — "Chukua vyeti vyako, twende." Akatembea mbele. Njia nzima nilikuwa naona mgongo wake tu.

Sasa yuko ndani. Mlango hawakuufunga. Hapa nje tuko watu wengi, tunangojea vitambulisho na barua. Mama Waithira yuko, na leseni yake. Mwanamume mmoja wa kiwandani kwa Baba pia yuko. Anaangalia viatu vyake.

Chifu anacheka. "Mzee Ondiek! Karibu! Hapana, usikae kwanza. Nasikia una neno."

Baba anasema kitu, chini sana.

"Sauti, Mzee. Hawa wa nje pia wasikie. Wote walikuona siku ile, si ndiyo?"

Naweza kuinuka. Ni hatua chache tu. Naweza kuingia nimshike mkono nimtoe pale, twende nyumbani, na Uingereza iende zake. Najua hilo. Niko hapa naandika kwamba najua.

Mama Waithira ameshika kalamu yangu, ananitazama. Nimeivuta.

Kiti kimesogezwa. Sasa ni sauti ya Baba, kubwa, ile anayoitumia kanisani akisoma somo:

"Mimi, Joash Ondiek —"